Mkwaruzo wa Gari na Fundi Tunayemwamini: Hukumu ya Dhamana na Adabu ya Kudai Haki

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Miongoni mwa mambo yanayotokea kila siku, na ambayo watu huona haya kuyauliza msikitini, ni hili: Mtu ana fundi wake wa gari anayemwamini. Wamejuana miaka mingi, wanaswali safu moja, na watoto wao wanasoma madrasa moja. Anampelekea gari kutengeneza breki au klachi. Anapolichukua jioni, kazi aliyoiagiza imefanyika vizuri, lakini mlangoni kuna mkwaruzo, au bampa limebonyea, au kioo cha pembeni kina ufa, na asubuhi hapakuwa na kitu. Je, anyamaze kwa kuhifadhi udugu, au aseme? Na akisema, fundi analazimika kulipa?

Hapa kwetu Kigoma suala hili si la wenye magari madogo peke yao. Linamhusu mwenye Hiace ya abiria wa Ujiji na Mwanga, mwenye lori linalobeba mawese na chumvi ya Uvinza, na kijana wa bodaboda. Linamhusu pia mvuvi wa Kibirizi au Katonga anayempelekea fundi injini ya boti, na mama anayempelekea fundi cherehani kitambaa chake. Hukumu yao katika fiq-hi inatoka mlango mmoja.

Udogo wa jambo si hoja ya kulipuuza

Wapo wanaosema: "Mkwaruzo ni nini mpaka tugombane?" Ni kweli kwamba ugomvi haufai. Lakini haki ya mja haipimwi kwa ukubwa wa kitu. Katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Umama (R.A.), Mtume (S.A.W.) alionya vikali juu ya mtu anayekata haki ya Mwislamu kwa kiapo chake. Alipoulizwa ikiwa ni hivyo hata kwa kitu kidogo, alijibu kuwa ni hivyo hata kikiwa kijiti cha mti wa mswaki. Basi ikiwa kijiti cha mswaki kina hesabu, mlango wa gari uliobonyea una hesabu pia.

Tena kunyamaza mara nyingi si kusamehe. Mtu hunyamaza mbele ya fundi, kisha akazungumza kijiweni na barazani na kwenye daladala. Fundi anavunjiwa heshima yake na hana habari. Wateja wanapungua hajui kwa nini. Mwenye gari alikimbia neno moja la haki akaangukia maneno mengi ya kusengenya. Huyu hakuhifadhi udugu, bali ameuua kimya kimya.

Mkono wa fundi ni mkono wa aina gani?

Wanavyuoni wamegawa mikono inayoshika mali ya watu mafungu mawili. Upo mkono wa amana, ambao mwenye nao hafidii kitu kikiharibika ila akivuka mipaka au akizembea. Na upo mkono wa dhamana, ambao mwenye nao analazimika kufidia kwa hali yoyote, kama mkono wa mporaji.

Kisha wakagawa waajiriwa mafungu mawili. Wa kwanza ni ajiri khaas, mwajiriwa wa mtu mmoja kwa muda maalumu, kama dereva wa mshahara. Wa pili ni ajiri mushtarak, yaani anayefanya kazi za watu wengi na kulipwa kwa kazi, kama dobi, mshonaji, mpaka rangi na mhunzi. Fundi wa gereji yumo katika fungu hili la pili. Vitabu vya kale vinamtaja dobi na mshonaji kwa kuwa wakati huo hapakuwa na magari, lakini sura ya jambo ni ile ile: mali imetoka mkononi mwa mwenyewe, ikaingia katika duka la mtu mwingine, ifanyiwe kazi kwa ujira.

Walipoafikiana: mfano kutoka historia ya Ujiji

Kabla ya kutaja waliyotofautiana, tutazame waliyoafikiana. Wote wamekubaliana kwamba aliyekabidhiwa mali akavuka mipaka ya idhini aliyopewa, basi anafidia, hata kama awali mkono wake ulikuwa wa amana. Historia ya mji wetu wa Ujiji ina mfano mashuhuri wa jambo hili.

Mnamo Oktoba 1871, David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa na amechoka. Alitarajia kukuta mali aliyopelekewa kutoka pwani. Kwa maelezo yake mwenyewe katika shajara yake, mtu aliyekabidhiwa mali ile, aliyeitwa Sharif, alikwisha kuiuza yote: hapakubaki yadi moja ya nguo katika yadi 3,000, wala uzi mmoja wa ushanga katika ratili 700. Udhuru wa mtu yule ulikuwa kwamba alipiga ramli kwa Msahafu, akaona kuwa mwenye mali amekufa.

Mwenye kusoma fiq-hi ataona makosa matatu hapa. Kwanza, ramli si ushahidi wa kifo, na kuufanya Msahafu chombo cha ramli ni dhambi ya peke yake. Pili, hata kama kifo kingethibiti, mali ya maiti ni ya warithi wake baada ya madeni na wasia, si ya mwenye kuihifadhi. Tatu, aliyepewa mali kuihifadhi na kuifikisha hakupewa idhini ya kuiuza kwa manufaa yake. Hii ndiyo taaddi, yaani kuvuka mipaka, na dhamana yake haina khitilafu. Wala haidhuru kwamba mwenye mali hakuwa Mwislamu. Amri ya kurudisha amana kwa wenyewe katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, haikubagua.

Lakini insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Livingstone huyo huyo ameandika kwamba Mwislamu mmoja wa Ujiji, Said bin Majid, alimwendea faraghani akamwambia kuwa hana bidhaa, ila ana pembe, na akamwomba amruhusu auze baadhi ya pembe hizo ampe bidhaa. Muda mfupi baadaye ndipo Stanley alipowasili. Mji mmoja, wakati mmoja: mmoja alikula mali ya amana, mwingine alijitolea mali yake. Hapa tunajifunza kwamba kulijua deni la mmoja si ruhusa ya kuwadhania vibaya wote.

Walipotofautiana

Lakini fundi wa gari hakuiba wala hakuuza. Amefanya kazi aliyotumwa, na katika kazi hiyo, au wakati gari likiwa kwake, pametokea dosari. Hapa ndipo Maimamu walipotofautiana.

Imam Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 150 Hijria) ameona kwamba kitu kilichopotea kwa fundi bila ya tendo lake hakimlazimu fidia. Lakini kilichoharibika kwa kazi ya mkono wake, kama nguo iliyochanika kwa kuipiga wakati wa kuifua, anakifidia hata kama hakukusudia. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakaongeza kwamba anafidia pia kilichopotea, isipokuwa kwa jambo lisiloweza kuepukwa, kama moto mkubwa ulioenea. Dola ya Uthmaniyya ilipoandika sheria zake katika Majalla, kati ya mwaka 1869 na 1876, kifungu cha 611 kikamlazimisha ajiri mushtarak kufidia madhara yanayotokana na kazi yake, awe amezembea au hakuzembea.

Imam Malik (179 Hijria) amewalazimisha fidia mafundi waliojiweka wazi kwa kazi za watu, kitu kinapokuwa dukani kwao mbali na macho ya mwenyewe, mpaka walete ushahidi kwamba kiliharibika bila ya sababu yao. Katika madhehebu ya Imam Ahmad (241 Hijria), Ibn Qudama ameeleza kuwa ajiri mushtarak anafidia kilichoharibiwa na mkono wake, wala hafidii kilichopotea kutoka mahali pa hifadhi bila ya uzembe.

Ama Imam Shafi'i (204 Hijria), na madhehebu yake ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, kama ilivyo katika Minhaaj ya Imam Nawawi, ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana. Hafidii ila akivuka mipaka au akizembea. Hata hivyo mwanafunzi wake, Rabi', amesimulia jambo la kuzingatiwa: kwamba Imam alikuwa na rai hiyo, lakini hakupenda kuitangaza kwa kuwaogopea watu mafundi wabaya. Imamu huyu alijua kwamba hukumu sahihi ikiwekwa mkononi mwa mtu asiye na taqwa hugeuka kuwa kichaka cha kujifichia.

Imepokewa pia kwamba Sayyidna Ali (R.A.) aliwalazimisha fidia mafundi, akaeleza kuwa watu hawatatengenea ila kwa hilo. Imam Shafi'i amesema njia ya upokezi huo haithibiti kwa watu wa Hadithi. Hata hivyo wanavyuoni wa usul kama Shatibi wameitaja hukumu hii kuwa ni mfano wa kuangalia maslahi ya watu wote: watu hawana budi kuwapelekea mafundi mali zao, na wasipokuwa na dhamana yoyote mali zitapotea.

Faida ya khitilafu hii kwetu ni hii: dosari iliyotokana na mkono wa fundi mwenyewe kwa uzembe, Maimamu wote wanne wanakutana katika kumlazimisha. Tofauti imebaki katika kilichoharibika bila ya uzembe wake. Na mikwaruzo mingi ya gereji, ukiichunguza, inatokana na uzembe.

Mifano ya gereji

Fundi akiliacha gari barabarani usiku, hali ya kuwa gereji yake ina uzio, likakwaruzwa na mkokoteni, huo ni uzembe, anafidia. Akimpa ufunguo kijana asiyejua kuendesha alisogeze, akagonga nguzo, anafidia. Akilichukua gari kwenda kwa shughuli zake Mwandiga, likabonyea njiani, anafidia hata kama aliyegonga ni mwingine, kwa kuwa safari ile haikuwa na idhini. Kisha yeye atamdai aliyemgonga.

Lakini akilijaribu gari kwa masafa ya kawaida ya kupima breki, jiwe likaruka kutoka lori la mbele likapasua taa, huku yeye akienda kwa uangalifu, kwa kauli yenye nguvu ya Kishafi'i hakuna fidia. Vivyo hivyo mti ukiangushwa na upepo wa ziwani juu ya gari lililolazwa mahali pa kawaida.

Ama kufanyiwa kazi na wanagenzi, inatazamwa ada. Kila mtu anajua kwamba katika gereji zetu vijana hufungua tairi na kumwaga oili, na ada inayojulikana ni kama sharti lililotamkwa. Lakini ada haikuruhusu mwanagenzi wa wiki moja aachiwe peke yake kazi ya kunyoosha bodi. Wakitofautiana kama jambo fulani ni uzembe au si uzembe, wanaulizwa mafundi wengine wawili waadilifu, kwa kuwa wao ndio wajuzi wa kazi hiyo.

Sheria ya nchi haiko mbali na haya. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka aliyepokea mali ya mtu aitunze kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe.

Tangazo la ukutani

Baadhi ya gereji huandika ukutani kuwa gari linalazwa kwa dhamana ya mwenyewe. Je, tangazo hili linaondoa fidia? Likikusudiwa kwamba fundi hafidii kisichotokana naye, limethibitisha tu asili ya hukumu. Likikusudiwa kwamba hafidii hata uzembe wake, halina nguvu, kwa sababu mtu hasamehewi haki ambayo bado haijapatikana. Na kinyume chake pia: mwenye gari hawezi katika madhehebu yetu kumshurutisha mwenye mkono wa amana afidie hata kisichokuwa kosa lake.

Nani aaminiwe?

Mwenye gari anasema mkwaruzo haukuwepo. Fundi anasema gari lilikuja nao. Asili katika sheria yetu ni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukanusha. Asipokuwa na shahidi wala alama, kauli ya fundi inachukuliwa kwa kiapo chake. Na hapo fundi aikumbuke Hadithi ya kijiti cha mswaki tuliyoitaja mwanzo.

Kwa hiyo tunanasihi jambo jepesi linalookoa wote wawili. Unapolipeleka gari, lizungukeni pamoja, mtaje dosari zilizopo, na muandike katika daftari la gereji au mpige picha kwa simu. Mwenye kusema kwamba kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana aisome aya ya 282 ya Suratul-Baqara. Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha deni liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na waliosemezwa ni waumini wenyewe kwa wenyewe. Daftari linamlinda fundi mwaminifu na madai ya uongo kama linavyomlinda mwenye gari.

Adabu ya kudai

Kudai haki si utovu wa adabu. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba mtu mmoja alimdai Mtume (S.A.W.) kwa ukali mpaka Masahaba wakataka kumwadhibu. Mtume (S.A.W.) akawakataza, akaeleza kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe mnyama bora kuliko aliyekuwa akimdai. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alidaiwa akasikiliza, fundi na mteja wake ni nani hata wasisemezane?

Pamoja na hayo, kudai kuna adabu zake. Ya kwanza ni kuhakikisha. Aya ya 6 ya Suratul-Hujuraat imeamrisha kuchunguza khabari, na aya ya 12 imekataza dhana nyingi. Muulize kwanza aliyelitumia gari jana. Huenda mkwaruzo ulitoka nyumbani kwako. Ya pili ni kuwahi. Kuchelewa hakuondoi haki, lakini kunaondoa alama, na kunamtia fundi katika shaka ya haki. Ya tatu ni faragha: usiseme mbele ya wateja wake na wanagenzi wake. Ya nne ni kuanza na wema aliokutendea, kisha kueleza ulichokiona, si ulichokidhania. Kwa mfano: "Fundi, Mwenyezi Mungu akulipe, breki zimekaa vizuri. Ila ndugu yangu, nimeona mlango wa kushoto umebonyea, na tulipolizunguka Jumatatu haukuwa hivyo. Naomba tuutazame pamoja." Neno kama hili halimwiti mtu mwizi wala mwongo, wala halipotezi haki.

Wajibu wa fundi

Mzigo mkubwa zaidi uko kwa fundi, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kilichotokea. Asingoje kuulizwa. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipitia rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono akakuta unyevu ndani, akamlaumu muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone, na akajitenga na mwenye kughushi. Fundi anayepaka rangi juu ya ufa ili usionekane, au anayeligeuza gari ili upande uliobonyea uelekee ukutani, ameficha unyevu chini ya nafaka. Na anayesema, "Kaka, kijana wangu ameligonga kidogo, nitalinyoosha mwenyewe," huyo mteja wake atampelekea na magari ya ndugu zake.

Namna ya kufidia

Asili ya fidia ya kitu kilichotiwa dosari ni arsh, yaani tofauti ya thamani yake kikiwa kizima na kikiwa na dosari. Tuchukue mfano: gari lingeuzwa shilingi 9,000,000, na kwa mkwaruzo ule wajuzi wakasema litauzwa 8,940,000. Haki ni 60,000. Mwenye gari hana haki ya bampa jipya kwa bampa lililokwisha kuwa kuukuu na lenye viraka, kwani hiyo ni ziada isiyo yake.

Lakini wanaweza kusuluhishana kwamba fundi alitengeneze kwa mkono wake, na mara nyingi hili ndilo jepesi kwa wote. Mfano wake upo katika kisa cha Nabii Daud na Nabii Sulaiman (A.S.), kilichotajwa katika Suratul-Anbiyaa, aya ya 78 na 79. Kondoo waliingia usiku katika shamba la watu wakaliharibu. Wafasiri wameeleza kuwa Sulaiman (A.S.) alihukumu wenye shamba wachukue kondoo wanufaike nao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Haki ilirudi, na hakuna aliyefilisika.

Ama ujira wa kazi iliyofanyika, usizuiwe kwa hasira. Ujira wa breki ni haki ya fundi, na mlango uliobonyea ni haki ya mwenye gari. Ni haki mbili mbalimbali. Wakiridhiana kukata moja katika nyingine, hakuna ubaya. Na mwenye kutaka kusamehe, asamehe kwa ulimi na kwa kiasi kinachojulikana, aseme: "Ile elfu sitini nimekusamehe." Msamaha wa kisichojulikana hautimii katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu, na msamaha wa moyoni ambao fundi hakuusikia haumpunguzii yeye wasiwasi. Mwenye kusamehe na kusuluhisha, malipo yake, kwa mujibu wa Suratush-Shuura, aya ya 40, yako kwa Mwenyezi Mungu.

Hitimisho

Maimamu wa misikiti wayaseme haya katika darsa, kwa kuwa mafundi na wenye magari wote wamo katika safu zao. Watu wakizoea kusema dosari mapema na kwa upole, na mafundi wakizoea kukiri bila ya kuulizwa, uaminifu utadumu. Ama uaminifu unaotegemea kunyamaziana, huo ni deni linalokua, na siku ya kulipwa kwake hulipwa kwa udugu wenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awabariki mafundi wetu katika kazi za mikono yao, awape wateja wao upole wa kudai, na atujaalie sote kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana zao. Amin.

Wallahu aalam.